Maktaba na Beti Zisizo Kitabuni

Maktaba ya umma, katika miji mingi ya Afrika Mashariki, inajulikana kwa jambo moja: kiti na meza mahali penye utulivu. Mwanafunzi anayekaribia mtihani huingia asubuhi na madaftari yake mwenyewe, husoma hadi jioni, kisha hutoka bila ya kugusa hata kitabu kimoja cha rafuni. Si kosa lake, wala si jambo la kubezwa, kwani nyumba nyingi hazina taa ya kutosha wala pembe ya mtu kukaa peke yake. Lakini jengo linalojulikana kwa viti vyake tu ni sawa na diwani inayosifiwa kwa jalada lake. Mhakiki wa diwani hufungua ndani, akapima mizani, akasikiliza vina, akauliza mtunzi amesema nini. Maktaba nayo yastahili kuhakikiwa hivyo: kwa yale inayowafanyia watu, na hasa kwa yale ambayo wengi hawajui kwamba imo katika kazi yake kuyafanya.

Kwa wapenzi wa ushairi jambo hili si dogo. Huduma ambazo ushairi wa pwani unazihitaji zaidi ndizo hizo zisizojulikana. Anapofariki mzee aliyehifadhi tungo kifuani, au linapooza daftari lililofungiwa kashani, hasara haiandikwi popote, maana hakuna aliyejua kuwa mali hiyo ilikuwapo. Wahenga walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Ili hukumu iwe ya haki, ni lazima kwanza kutazama maktaba hizi zilizaliwa kwa ajili gani. Mombasa ilipata Maktaba ya Seif bin Salim mwaka 1903, nayo huhesabiwa kuwa ya mwanzo ya umma katika nchi ambayo leo ni Kenya. Jina lake kamili liliunganisha maktaba na chumba cha kusomea bila ya malipo. Yaani tangu siku ya mwanzo chumba cha kusomea kilikuwa nusu ya jina. Huko Nairobi, Maktaba ya McMillan ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi ya ukoloni Waafrika hawakuruhusiwa kuitumia. Tanganyika huru ilitunga sheria ya huduma za maktaba mwaka 1963, na Kenya ikafuata mwaka 1965. Zanzibar ina shirika lake lenyewe, kwani maktaba si jambo la Muungano.

Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ilifunguliwa mwezi wa Desemba 1967 na Mwalimu Julius Nyerere. Yeye alikuwa amekwisha kuifasiri tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, na miaka mingi baadaye alizitia sehemu za Biblia katika tenzi. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba waliosimamisha maktaba za umma walikuwa wageni wa ushairi. Ila haja ya wakati ule ilikuwa nyingine. Wengi wa watu wazima hawakujua kusoma wala kuandika, na maktaba ilifungamanishwa na kampeni ya kisomo. Kazi yake ikawa kuyachukua maandishi kutoka jengoni na kuyafikisha kwa asiyenayo.

Hapo ndipo penye fundo lenyewe. Maktaba ilijengwa ili itoe, na njia yake ikawa ni ya upande mmoja, kutoka rafuni kwenda kwa msomaji. Ama ushairi wa pwani, mara nyingi hali yake ni kinyume. Matini iko kwa watu, na jengo ndilo lisilokuwa nayo. Shairi liko katika kumbukumbu ya bibi, katika kaseti iliyorikodiwa harusini, katika karatasi zilizokunjwa ndani ya msahafu. Ushairi huu unahitaji maktaba inayojua kupokea. Na ajabu ni kwamba kupokea si fani mpya. Kumo katika kazi za ukutubi tangu zamani, kwa sura nne: kupokea swali, kupokea amana, kupokea sauti, na kusafiri kwenda na kurudi.

Kupokea swali ndiyo huduma ya kale zaidi na iliyosahauliwa zaidi. Mkutubi hakuwekwa kulinda vitabu na kugonga muhuri tu. Ni wajibu wake kumtafutia jibu mtu aliyekuja na swali, awe mwanafunzi au mchuuzi wa samaki. London kuna Maktaba ya Taifa ya Ushairi, iliyoanzishwa mwaka 1953 na Baraza la Sanaa na kufunguliwa na mshairi T. S. Eliot. Tangu mwaka 1988 makao yake yamekuwa katika jumba la Royal Festival Hall, kando ya mto Thames. Hukusanya mashairi yaliyochapishwa tangu mwaka 1912, na wengi huijua kwa wingi wa vitabu vyake. Wachache zaidi wanajua kwamba imekuwa ikipokea pia mistari iliyopotea. Mtu anakumbuka mshororo mmoja aliousikia shuleni, hamjui mtunzi wala jina la shairi. Huuleta, na wakutubi huutafuta. Wakishindwa, mshororo hutangazwa mbele ya wasomaji wengine, huenda mmoja wao akautambua.

Uzuri wa huduma hii haumo katika ujuzi wa wakutubi, bali katika kukiri kwao kwamba hawajui. Maktaba inasema hadharani, "Hili limetushinda, tusaidieni," na papo hapo msomaji anageuka kutoka mwombaji kuwa msaidizi. Hata hivyo, isichukuliwe kama ilivyo na kupandikizwa Unguja au Lamu. Mambo huenda vizuri London kwa sababu shairi linalotafutwa aghalabu limechapishwa, na jibu sahihi ni moja. Pwani hii ubeti mmoja huweza kuwa na wenyewe watatu. Mvita hunasibishwa na mtunzi fulani, Pemba na mwingine, na Lamu husomwa kwa lahaja nyingine na neno moja likibadilika, na kwa badiliko hilo maana ikageuka. Huduma ya swali ikifanywa hapa haitakuwa na haki ya kuchagua mshindi. Itapasa kuyaandika majibu yote matatu, na kila jibu lipewe mahali lilikotoka na tarehe ya kusikiwa. Daftari la namna hiyo, likiwekwa juu ya meza ya mkutubi kwa miaka kumi, lingekuwa hazina ambayo hakuna chuo kikuu kilicho nayo. Gharama yake ni daftari na kalamu.

Methali husema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Imezoeleka kuelekezwa kwa mwanafunzi. Katika suala hili anayestahili kuambiwa ni maktaba yenyewe.

Sura ya pili ni kupokea amana, na hapa historia ya Muyaka bin Haji ni somo tosha. Muyaka aliishi Mombasa na kufariki yapata mwaka 1840. Tungo zake zilibaki katika vinywa vya watu kwa miongo kadhaa. Mwishoni mwa karne ya 19 Mwalimu Sikujuwa bin Abdallah al-Batawi, mwenyeji wa Mombasa, alimsaidia mmisionari W. E. Taylor kuzikusanya na kuzieleza. Karatasi za Taylor zikaishia London, katika chuo cha SOAS. William Hichens akazitoa tungo kuwa diwani mwaka 1940, nayo ikapigwa chapa Johannesburg. Mohamed Abdulaziz akaja na uchambuzi wake mpana mwaka 1979. Miaka 100 ilipita baina ya kufa kwa mtunzi na kuzaliwa kwa kitabu, na katika safari yote ile, kutoka kifua hadi karatasi, kutoka Mombasa hadi London na Johannesburg, hakuna hatua hata moja iliyopitia maktaba ya umma ya pwani.

Muyaka alipata bahati kwa sababu alimpata Sikujuwa. Msomaji wa leo hana njia ya kuwahesabu watunzi ambao hawakumpata mtu wa namna hiyo.

Wala si Muyaka peke yake aliyehifadhiwa mbali na kwao. Hati ya Utendi wa Tambuka yenye tarehe ya mwaka 1728, ambayo ni miongoni mwa hati kongwe kabisa za Kiswahili zinazojulikana, iko Hamburg. Muhammad Kijumwa wa Lamu, mtunzi na mwandishi wa khati nzuri, aliwanakilia tungo wataalamu wa Kizungu kama Alice Werner, Hichens na Ernst Dammann, na nakala hizo zimo leo katika makusanyo ya Uingereza na Ujerumani. Hapana shaka walioyahifadhi haya wanastahili shukrani, kwani mchwa na chumvi ya bahari havina huruma. Lakini ukweli huo huo umewaachia watu wa visiwani funzo chungu: ukimpa mtu hati ya babu yako, huenda wajukuu wako wakalazimika kuomba viza kwenda kuisoma. Mwenye kasha anapokataa kulifungua, ni kosa kumwita mjinga au bahili. Anakumbuka.

Jibu la hofu hiyo limekwisha kuonekana Lamu kwenyewe. Katika Msikiti wa Riyadha, hati za mkono, nyingi zikiwa za elimu ya dini kwa lugha ya Kiarabu, zilipigwa picha chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, ulioanza mwaka 2004. Msingi wa mpango ule ni kwamba hati asili haiondoki katika nchi yake. Kinachosafiri ni picha. Maktaba ya umma ya mji wowote inaweza kuufuata msingi huo kwa kiwango chake. Mwenye hati huileta, hupigwa picha mbele ya macho yake, hupewa nakala iliyo safi, na hurudi nyumbani na hati yake mkononi. Maktaba hubaki na picha na maelezo: ni ya nani, imetoka mtaa gani, nani ameisoma kwa sauti, na mwenyewe ameruhusu itumiwe vipi. Amana ya namna hii haimpotezei mtu chochote.

Ipo pia amana ya kisheria, ambayo washairi wengi hawana habari nayo. Sheria za Tanzania na Kenya zinamtaka mchapishaji apeleke nakala za kitabu kipya mahali palipoainishwa, ili taifa lisipoteze kumbukumbu ya kilichoandikwa. Kadhalika, namba ya ISBN, ile inayoonekana nyuma ya jalada na ambayo wengi hudhani hutoka kwa wachapaji wakubwa, hutolewa na asasi za maktaba zenyewe: Bodi ya Huduma za Maktaba kwa upande wa Tanzania, na Huduma ya Maktaba za Taifa kwa upande wa Kenya. Maana yake ni kwamba malenga aliyejichapishia diwani kwa fedha yake mwenyewe, nakala 200 kwa ajili ya jamaa na marafiki, ana haki ya kuiombea diwani hiyo namba na kuiingiza katika kumbukumbu ya taifa sawasawa na kitabu cha shule. Asipojua, diwani yake hugawiwa arusini, husifiwa, na baada ya miaka kumi haijulikani kuwa iliwahi kuwapo.

Hata hivyo, sheria ya amana ina upofu wake, na hapana budi kuutaja. Inakitambua kitabu na gazeti. Haimtambui mtu mwenye daftari. Abdilatif Abdalla alizitunga tungo za Sauti ya Dhiki gerezani, baina ya mwaka 1969 na 1972, akiziandika juu ya karatasi za chooni. Kitabu kilitoka mwaka 1973. Kwa jicho la sheria, kazi ile ilianza kuwapo siku ilipotoka kiwandani. Kwa jicho la ushairi, ilikuwapo tangu karatasi ya mwanzo. Maktaba inayongoja jalada gumu ndipo ipokee, itafika katika kila karamu wakati vyombo vimekwisha kuoshwa.

Sura ya tatu ni kupokea sauti. Utenzi husomwa kwa mahadhi, na mahadhi si pambo lililobandikwa juu ya maneno. Ndiyo yanayoonyesha pumzi ya mshororo, mahali pa kukata na neno la kutiliwa nguvu. Ukiusoma utenzi kimya kama gazeti unapata hadithi, na sanaa imekupita. Jambo hili walilijua waliotangulia. J. W. T. Allen alipokusanya hati za Kiswahili na Kiarabu kwa ajili ya maktaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam, orodha yake iliyochapishwa mwaka 1970 ilitaja katika anwani yake hati pamoja na kanda za sauti. Maktaba ya Bunge la Marekani, huko Washington, ilianza kuweka hifadhi ya washairi wakisoma tungo zao mwaka 1943. Na kabla ya hao wote, Siti binti Saad alikuwa amekwisha kwenda Bombay mwaka 1928 kurikodiwa sahani za santuri, safari ya kibiashara ambayo, pasi na kukusudia, ilikiokoa kipande cha sauti ya Unguja.

Lakini kanda za chuo kikuu ni za chuo kikuu. Mvuvi wa Makunduchi au fundi cherehani wa Mkoani hana la kumpeleka huko, na hata akienda atahitaji barua. Maktaba ya umma ndiyo pekee isiyomuuliza mtu ana shahada gani. Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba sauti zimehifadhiwa mahali fulani. Suala ni nani anaweza kuzisikia, na kwa masharti gani.

Wapo wasomaji ambao kwao sauti ndiyo njia ya kufikia kitabu, nao ni wasioona. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 unaruhusu kazi zilizochapishwa zitengenezewe nakala za kusikiliza au za nukta nundu kwa ajili yao bila ya kungoja idhini ya mwenye haki. Kenya iliuridhia mwaka 2017, na Tanzania mwaka 2020. Mlango umefunguliwa kisheria. Kinachongojwa ni mtu wa kuketi mbele ya kinasa sauti akaisoma diwani. Na hapo maktaba ina uamuzi wa kisanaa wa kufanya, ambao haupasi kuachiwa bahati: asome nani? Akisoma mtu asiyejua mahadhi, msikilizaji asiyeona atapewa maneno matupu, ilhali pengine yeye ndiye mwenye sikio la ushairi kuliko wote. Akisoma bingwa wa kughani, jirani wa mtaa wa pili, huduma ya walemavu itakuwa imezaa kwa mkono mmoja hifadhi ya sanaa.

Wapo watakaosema kwamba maktaba ni mahali pa kimya, na kughani kutawasumbua wenye mitihani. Hoja hii ina uzito wake, maana mwanafunzi naye ana haki. Lakini kimya ni kanuni ya chumba, si ya asasi nzima, na hakuna maktaba isiyo na ua, ukumbi mdogo, au saa moja ya Jumamosi kabla ya kufungua milango. Barza za pwani zimelea watunzi bila ya hata paa zuri.

Sura ya nne ni safari. Maktaba imekwisha kusafiri katika nchi hizi, na habari hizo nazo hazijulikani vya kutosha. Tanganyika, na baadaye Tanzania, iliwahi kuazimisha vitabu kwa njia ya posta kwa wasomaji walioishi mbali na matawi, na magari ya vitabu yalipita barabarani. Iliyopata sifa zaidi ni maktaba ya ngamia iliyoanza Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya, mwaka 1996. Ngamia walibeba masanduku ya vitabu na hema, wakawafikia wafugaji wahamaji mahali ambapo gari lingezama mchangani. Ulimwengu uliipenda sura ile. Picha zake zilizunguka, na mwaka 2007 ikatoka hata riwaya ya mwandishi wa Kimarekani, Masha Hamilton, iliyojengwa juu yake.

Sifa ile ilistahiki, na ushujaa wa wakutubi wale usipunguzwe. Lakini mhakiki ana swali moja kwa ngamia: alirudi na nini? Watu aliowaendea ni Wasomali, na hakuna msomi wa fasihi asiyejua cheo cha ushairi kwa Wasomali. Kwao shairi husuluhisha ugomvi, huposa, huomboleza na huhukumu, na mtunzi hodari hutambulikana kutoka kisima hadi kisima. Huduma ilibuniwa kuwapelekea vitabu, ambavyo sehemu yake ilitokana na misaada ya nje. Haikubuniwa kurudi na mashairi. Masanduku yalirudi na vitabu vile vile vilivyokwenda, kusubiri wiki mbili zijazo. Hapa fundo lililotajwa mwanzo linaonekana kwa uwazi wake wote: hata maktaba inapovuka jangwa kwa miguu ya mnyama, bado huwaza kwamba elimu iko upande wake na uhaba uko upande wa pili. Sanduku moja tu lililo tupu, na kinasa sauti ndani yake, lingetosha kuibadilisha maana ya safari ile.

Kwa visiwa somo ni la karibu. Daladala na boti hufika kila siku mahali ambapo maktaba haifiki. Mkutubi mmoja anayekwenda Tumbatu au Faza mara moja kwa mwezi na begi la diwani, akakaa barazani, akasoma, akasikiliza na akaandika, atakuwa ametimiza kwa siku moja swali, amana, sauti na safari.

Inabaki kuuliza kwa nini mambo haya hayajulikani. Jibu la haraka ni fedha, na fedha kweli ni haba. Lakini fedha haielezi yote, kwa kuwa nyingi ya huduma zilizotajwa ni nafuu kuliko kununua shehena ya vitabu. Sababu ya ndani zaidi ni mizani inayotumiwa kuipima maktaba. Ripoti huhesabu walioingia na vitabu vilivyoazimwa. Mkutubi aliyeshinda siku tatu akitafuta mwenye ubeti mmoja hana safu ya kuandika kazi yake, na lisilo na safu katika ripoti polepole huacha kufanywa.

Sababu ya pili ni tabia ya asasi kujificha nyuma ya methali kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ni ya sokoni, mahali ambapo mnunuzi anakiona kitu kwa macho kabla ya kukilipia. Huduma haionekani. Haina rangi wala harufu, na asiyeambiwa hawezi kuitamani. Tangazo la karatasi lililobandikwa ndani ya maktaba humwarifu aliyekwisha kuingia; aliye nje, ambaye ndiye mwenye kaseti na daftari, halimfikii. Pwani ina njia zake za kutangaza: redio, msikiti baada ya sala, vikundi vya taarabu, mikusanyiko ya kina mama. Kutangaza huduma huko si kujitembeza, bali kumheshimu mtu kwa kumwendea alipo.

Sababu ya tatu ni ya wapenzi wa ushairi wenyewe, nao wasijitoe lawamani. Ni rahisi kulalamika katika kila kongamano kwamba ushairi unakufa, na kutoka hapo bila ya kupita maktaba kuuliza swali moja. Mtunzi anayezificha tungo zake kwa kuogopa kuibiwa, na mrithi anayelifunga kasha kwa sababu halijui lina nini, wanaifanya kazi ya mchwa bila ya kujua. Hofu ya kuibiwa ina dawa. Tungo iliyosajiliwa kwa jina, tarehe na sauti ya mwenyewe ni ngumu kuibwa kuliko ile inayoelea bila mwenyewe.

Hukumu, basi, ni hii. Maktaba ya umma ya pwani si duni wala haina maana. Imefanya kwa uaminifu kazi iliyotumwa, ya kuwapa watu maandishi. Dosari yake ni kudhani kwamba kazi hiyo ndiyo nzima, na dosari ya umma ni kukubaliana nayo. Jengo likibaki kuwa la kutoa peke yake, litaendelea kujaa wanafunzi miezi ya mitihani na kuwa tupu miezi mingine, huku tungo za mtaa wa pili zikizikwa pamoja na wenyewe. Likijifunza kupokea, mwanafunzi hatakosa kiti chake. Ila siku moja, akiinua macho kutoka kwenye daftari la mtihani, huenda akakuta rafuni, kwa jina na kwa sauti, shairi la bibi yake mwenyewe.